Duka la nje linataka namba nyingine nikilipa kwa kadi. Kwa nini?

Mzee wa Mashine
Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nina mtumbwi wa dagaa hapa Kirumba, mashine Yamaha 40. Juzi ikaanza kuchemka. Fundi akafungua pampu ya maji, akanitolea ile raba yenye mabawa: mawili yamekatika, la tatu linaning'inia. Mjini nikapata ya bei ndogo, fundi akaibinya kwa vidole akanirudishia. "Mzee, hii haimalizi wiki."

Basi nikaagiza halisi duka moja la Uingereza. Nikajaza namba za kadi, tarehe, zile tarakimu tatu za mgongoni. Likafunguka dirisha jingine: weka namba tuliyokutumia kwenye simu. Simu kimya. Nimeikodolea macho pale Mwaloni, wabeba magunia wananisukuma, mpaka dirisha likasema muda umekwisha. Mara tatu! Mwaka jana nilinunua plagi Marekani kwa kadi hii hii, sikuulizwa kitu. Hawa wananishuku au?

Keshia Mstaafu
Shikamoo mzee. Anayekuuliza si duka, ni benki yako mwenyewe. Duka halikuoni, na vyote ulivyojaza vimeandikwa kwenye kadi. Aliyeipiga picha naye anavyo. Simu yako hana.

Halafu kuna hesabu. Mwizi akinunua bila kuulizwa, mwenye kadi akalalamika, kwa kawaida duka ndilo linalorudisha pesa, na mzigo umeshaondoka. Likipitisha malipo kwenye uthibitisho huo, hasara ya wizi wa namna hiyo kwa kawaida inahamia benki iliyotoa kadi. Ungekuwa wewe mwenye duka ungeacha?

Uingereza walibanwa na kanuni kwa kadi za kwao, mwisho ulikuwa Machi 14, 2022. Duka likishafunga mfumo huo, kadi za nje nazo mara nyingi hupita humo humo. Marekani hawana sheria kama hiyo, duka linajiamulia. Swali langu: benki wana namba yako ipi?

Mama Nansio
Hapo kwenye namba ndipo penyewe. Mimi laini ya zamani nilimwachia mdogo wangu Ukerewe. Kila nikilipa, namba zinamfikia yeye, anadhani ni matapeli, anazifuta! Na akikupigia mtu anajiita wa benki, "nisomee namba iliyoingia," kata simu. Huyo ana kadi yako tayari, amebakiza hiyo tu.

Mzee wa Mashine
Kumbe! Laini waliyonayo benki ilizama na simu Goziba, mwaka juzi, usiku wa mawimbi. Sikuirudisha.

Keshia Mstaafu
Kabadilishe leo, mzee. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika kampuni humpa mtu mwingine, na meseji zako za benki zitamwendea yeye.

Mzee wa Mashine
Nimetoka benki sasa hivi. Foleni saa mbili, kubadilisha namba dakika kumi na kitambulisho cha NIDA. Nimelipia hapo hapo nje kwenye ngazi. Meseji imeingia ina jina la duka na kiasi kwa pauni, nikalinganisha kwanza ndipo nikajaza. Imepita.

Raba nimeagiza mbili.