Tupeane uzoefu: Umewahi kuulizwa katikati ya mji wenu pawe vipi? Ilikuwaje?

Fremu Namba 9

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata yetu wamebandika karatasi: wananchi wote tunakaribishwa kutoa maoni juu ya rasimu ya mpango wa eneo la kati la mji. Alhamisi, saa 3 asubuhi, ukumbi wa halmashauri. Mimi nina fremu ya vifaa vya umeme karibu na soko, huu mwaka wa 11, na safari hii nataka kwenda nikiwa nimejipanga.

Nasema safari hii kwa sababu nilishaitwa zamani. Mji wetu uko Nyanda za Juu Kusini, naomba nisiutaje. Niliingia ukumbini kama mwakilishi wa wafanyabiashara, nikakuta ukutani mchoro mkubwa wa rangi. Nikalitafuta duka langu dakika nzima nisilione. Kijana mwenye kompyuta akanionyesha: pale ni kijani, eneo la wazi. Nikauliza stendi iko wapi. Akanyoosha kidole nje kabisa ya karatasi, kilomita 6 hivi.

Tuliongea zaidi ya saa mbili na karibu wote tulisema jambo moja. Mama anayeshuka kutoka kijijini na ndoo mbili za parachichi hawezi kulipa nauli ya basi halafu alipe tena bajaji hadi sokoni, faida yote itaishia njiani. Wakaandika. Baadaye stendi ikahama vilevile, na ndipo tukajua mkandarasi alishasaini mkataba kabla ya kikao chetu. Kukataliwa ningevumilia. Kuitwa kushauri juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa kuliniuma sana, na hadi leo kunaniuma. Mama lishe waliokuwa zaidi ya 20 pale stendi ya zamani walibaki wanne. Mauzo yangu ya alfajiri yalikufa.

Niseme pia lililo kweli: msongamano ulipungua, na watoto wa shule ya msingi iliyo jirani wanavuka barabara bila kushikwa mkono. Hilo ni jema na siwezi kulificha.

Basi nipeni uzoefu. Uliulizwa lini, uliulizwa wapi, na nini kilibadilika?

Konda wa Zamani

Mkuu, mimi nimezifuata stendi za Dar maisha yangu yote. Nilianza utingo mabasi ya mikoani yakipakia Kisutu na Mnazi Mmoja, katikati kabisa ya jiji. Tukahamia Ubungo. Kuanzia 2021 ikawa Mbezi Luis. Kila tulipohama, mji ulitufuata: gesti, maduka ya simu, wauza maji, mafundi viatu. Ila huwa hawafiki siku ile ile. Ubungo ilichukua muda hadi abiria wa saa 11 alfajiri apate pa kunywa chai. Wenye mtaji wa kusubiri walisubiri, wasio nao wakarudi kwao.

Alhamisi uliza hivi: stendi au soko likihama, kati ya siku ya kuhama na siku biashara itakaposimama, nani anawabeba watu? Sijawahi kusikia hilo likijibiwa kikaoni.

Mstaafu wa Ramani

Nimekuwa afisa mipango miji zaidi ya miaka 25, nimestaafu. Naomba niseme kutoka upande wa pili wa meza.

Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 inataka wadau washirikishwe wakati mpango unaandaliwa. Kwa hiyo, ndugu, hiyo Alhamisi ni haki yako, hujakaribishwa kwa hisani ya mtu. Lakini mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa mji mzima, huangalia miaka 20 mbele, na mwananchi anakuja akiwaza kodi ya fremu ya mwezi ujao. Wote wawili wako sahihi. Kazi ngumu ni kuwakutanisha, na sisi mara nyingi tuliikwepa.

Mpango unapokosekana nao una gharama yake. Dar es Salaam ilipata mipango kabambe mwaka 1949, 1968 na 1979, halafu ikakaa miongo mingi bila mpango mpya uliokamilika. Sensa ya 1978 ilikuta mkoa una watu wasiofika 900,000. Ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 5.3. Mji haukusubiri mchoro, watu walijenga.

Maoni bora niliyowahi kupata sikuyapata ukumbini. Tulitandika ramani chini, nje ya soko, saa 11 jioni, tukawapa watu mawe madogo: weka jiwe pale unapoogopa kupita usiku. Ndani ya saa moja mawe yakawa yamerundikana penye uchochoro mmoja nyuma ya machinjio. Hakuna aliyewahi kuutaja uchochoro ule kwenye kikao. Wengi walioweka mawe walikuwa akina mama, na akina mama wale ukumbini hawakuwahi kufika, kwa sababu saa 3 asubuhi wako kwenye biashara zao.

Fremu Namba 9

Mzee, shikamoo. Hilo la mawe nalichukua kama lilivyo.

Mtoto wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mie wa Unguja.

Watu wakisikia mji wa Zanzibar wanawaza Mji Mkongwe, kwa vile uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Sisi wa ng'ambo ya pili, ng'ambo ya ule mkono wa bahari uliofukiwa zamani, ndio tulio wengi, na mipango yetu karibu yote ilichorwa na wageni. Lanchester, Mwingereza, alichora 1923. Ukaja wa 1958. Baada ya Mapinduzi wakaja Wajerumani wa Mashariki na mpango wa 1968, kisha Wachina 1982. Majumba ya Michenzani ni matunda ya zama za Wajerumani: yale marefu yaliyopangwa kama msalaba, na mzunguko wa barabara katikati. Ili yasimame ilibidi mitaa ivunjwe. Bibi yangu alipewa fleti. Alishukuru maji ya bomba na umeme mpaka anakufa, na mpaka anakufa alikuwa akiteremka ngazi kila baada ya alasiri kwenda kukaa kitako barazani kwa jirani wa zamani, kwa kuwa kule juu hamna baraza. Mtu ukimuuliza bibi yule anataka nini, angekujibu kwa neno moja. Hakuulizwa.

Miaka kumi na kitu iliyopita ukaja mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Hilo jina lenyewe lilitupa moyo. Vijana walipita mitaani na ramani, na nnavyokumbuka kwetu Miembeni hawakuanza kwa kuuliza barabara ipite wapi. Waliuliza watu wanakaa wapi jioni, ngoma zikichezwa wapi, mti gani una jina, duka gani kila mtu analitumia kuelekeza wageni. Baba yangu, mtu asiyependa maneno, aliongea nao mpaka adhana ya magharibi. Aliwaonyesha pahala palipokuwa na kisima.

Sisemi yote tuliyoyasema yamefanywa. Majengo mapya yameota na baraza zinapungua, mie naliona hilo kwa macho yangu. Lakini baba aliondoka siku ile akihisi kuwa anayoyajua ni elimu.

Mama Kitenge

Niko Kariakoo, naandika kwa kifupi kwani kuna wateja. Nimeiona nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ua ikigeuka ghorofa, tena ghorofa juu ya ghorofa. Soko likaungua Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo likaporomoka watu wakiwa ndani. Siku zile tulisimama barabarani tunalia, tunasikiliza kama kuna sauti chini ya kifusi.

Maoni yangu ni haya tu: kabla hamjapanga taa na maua ya katikati ya mji, pangeni nani anakagua nguzo, nani anaruhusu kuchimba chini, na gari la zimamoto linapita wapi. Wapangaji hatuulizwi hayo kamwe, anaulizwa mwenye jengo. Anayelala na hofu ni aliye ndani.

Redio na Spika

Salamu kutoka Nairobi, wandugu. Niliuza spika na redio Luthuli Avenue. Mwaka 2019 kaunti wakishirikiana na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, wakaifanya ile barabara iwe ya kuelekea upande mmoja, wakapanua njia ya miguu na kupanda miti. Mdosi wangu, yaani bosi, alipinga sana. Alisema mteja akikosa pa kuegesha gari atatukimbia.

Nilichokiona mimi dukani: mteja wetu mwingi hakuwa na gari tangu mwanzo. Alikuwa anatembea kutoka stesheni za matatu, na zamani alipita akikimbia ili asikanyagwe. Sasa alisimama kuangalia dirisha. Ushauri wangu: hesabu miguu mlangoni kwako wiki moja kabla hujaongea. Huku Katiba ya 2010 imeweka ushiriki wa wananchi kuwa msingi wa utawala, na bado nimeona vikao ambapo mwenye sauti kubwa ndiye aliyesikika. Daftari lenye hesabu hunyamazisha kelele.

Mbali na Nyumbani

Naishi mji mdogo kaskazini mwa Uingereza. Tatizo la huku ni kinyume cha lenu: katikati ya mji pamekuwa patupu. Maduka makubwa yalifunga moja moja, Woolworths, kisha BHS 2016, Debenhams 2021, majumba yao yakabaki na vioo vyenye vumbi. Kabla mpango wa eneo letu haujapelekwa kwa mkaguzi wa serikali, sheria ilitaka watu wapewe wiki zisizopungua 6 za kutoa maoni. Mimi nilijaza fomu nikiomba jambo moja, choo cha umma na viti, maana mama mkwe wangu hawezi kutembea mjini bila hivyo viwili. Nilidhani ni jambo dogo mno. Ripoti ya maoni ilipotoka, wazee wengi walikuwa wameandika vilevile.

Fremu Namba 9

Asanteni sana, nimesoma yote nikiwa dukani.

Leo nimefanya mawili. Nimeanza daftari: kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 wamepita mlangoni kwangu watu 412, wenye magari 9. Halafu nimekwenda na wenzangu watatu kwa mtendaji wa kata tukaomba, pamoja na kile kikao cha ukumbini, ramani iletwe pia sokoni jioni, itandikwe chini. Pia tumeuliza kwa maandishi kama kuna mkataba wowote uliokwisha kusainiwa. La sokoni amekubali, Jumamosi saa 10 jioni. La mkataba amesema atatujibu, tumempa barua na nakala yetu imegongwa muhuri.

Mawe nitayaokota mwenyewe.