Je, nianze kusoma vitabu vya uchumi kabla chuo hakijafunguliwa?

Mtarajiwa wa Kondoa
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) na nimeomba kusoma shahada ya uchumi Dodoma mjini. Kwa kuwa masomo hayaanzi kabla ya mwezi wa kumi, nimeazima kitabu kinene cha uchumi, nakisoma jioni tukishamaliza kupura alizeti. Wiki ya tatu sasa nimekwama sura ya pili. Niendelee nacho au nipumzike?

Mhitimu wa uchumi
Marahaba, mdogo wangu. Kirudishe. Hujui mhadhiri atatumia kitabu gani, na huenda sura inayokutesa haimo kabisa katika muhtasari wa somo. Mimi niliyetoka HGE kama wewe nilisumbuliwa na hesabu: wenzetu wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) walikuwa wamesoma hisabati ya juu kwa miaka miwili, ilhali sisi tulikuwa na BAM, yaani hisabati nyepesi ya matumizi, ambayo wengi tuliisoma ili tufaulu basi. Mhadhiri aliandika ubaoni kwamba gharama yote ni 50 + 4Q + Q², Q ikiwa ni kiasi kinachozalishwa, akatafuta gharama ya nyongeza, yaani ya kuongeza kimoja zaidi, akapata 4 + 2Q, akafuta ubao, nami bado natafuta ile 50 imekwenda wapi. Kumbe ile ni gharama isiyobadilika, uzalishe debe moja la mafuta au mia, ndiyo maana haimo katika gharama ya nyongeza. Fukua daftari la BAM, mada ya differentiation, ambayo ndiyo hesabu ile ya ubaoni, ufanye maswali matano kila siku.

Mwalimu mstaafu, Dodoma
Kuhusu hesabu naungana na mwenzangu. Kuhusu kurudisha kitabu, hapana. Kijana aruke sura ya pili, asome anayoyaelewa. Zaidi ya hapo, atafute hotuba ya bajeti ya serikali, ambayo husomwa bungeni hapa Dodoma mwezi wa sita, aisome kwa penseli mkononi, na kila akikutana na nakisi, mfumuko wa bei au pato la taifa, aandike pembeni neno la Kiingereza, maana huko chuoni atafundishwa kwa lugha hiyo. Kurasa mbili kwa siku zinamtosha mtu anayeshinda shambani.

Mtarajiwa wa Kondoa
Ahsanteni sana. Daftari la BAM nimelipata jikoni, ila kurasa za mada hiyo hasa zimeshachanwa kuwashia moto. Kesho nitaazima la jirani.