Naombeni ushauri: mama ameambiwa apasuliwe taya, mfupa umekufa

BintiMkubwa:
Salaam ndugu zangu. Mama ana miaka 61, saratani ya titi ilishafika uti wa mgongo. Miaka miwili sasa anawekewa dripu ya asidi ya zoledroniki kila baada ya wiki nne ili mifupa isivunjike. Mwezi wa tatu gego la chini lilimsumbua, tukaenda kung'oa. Hatukuulizwa anatumia dawa gani, nasi hatukujua kama ni jambo la kusema. Huu mwezi wa tano tangu ling'olewe, shimo halijaziba. Mfupa unaonekana, usaha unatoka, kidevu kimeingia ganzi. Antibayotiki dozi tatu, zikiisha usaha unarudi. Bingwa wa kinywa na taya anataka kuuondoa huo mfupa. Mama analia, "Taya likikatwa nitatafunia nini?" Shangazi naye anasema kisu kitachokoza saratani. Tukubali au tungoje?

TabibuKinywa:
Pole sana dada. Dawa hiyo huzizuia seli zinazobomoa mfupa mkuukuu, na ndiyo faida yake mgongoni. Lakini taya hujikarabati haraka kuliko mifupa mingi, na jino likitoka ukarabati huo unahitajika hasa. Ukikwama, mfupa unakufa. Daktari Robert Marx wa Miami ndiye aliyeanza kuliandika tatizo hili, mwaka 2003.

Zamani tulisukutuisha wagonjwa dawa na kungoja. Mwongozo wa 2022 wa madaktari wa upasuaji wa kinywa wa Marekani unakubali upasuaji hata hatua za mwanzo. Mwambie mama taya halikatwi lote. Anapewa nusu kaputi, kilichokufa kinaondolewa mpaka ufike mfupa unaotoa damu, kingo zinalainishwa, ufizi unashonwa uzibe bila kuvutwa kwa nguvu. Kukata kipande kizima na kuweka chuma, au mfupa mwembamba wa mguuni, ni pale ugonjwa unapofika ukingo wa chini au taya limevunjika. CT skani itaonyesha.

Jambo moja msiliache: mfupa utakaotolewa upelekwe maabara. Saratani ya titi nayo huweza kuhamia tayani, na ganzi ya kidevu huweza kuwa dalili yake. Je, aliwahi kupigwa mionzi kichwani au shingoni?

Mzaramo77:
Baba yetu alikuwa na saratani ya tezi dume, dripu hiyohiyo. Tuliogopa kisu karibu mwaka mzima. Taya likavunjika akila wali, wali laini tu. Upasuaji ukawa mkubwa, akalishwa uji kwa mpira wa puani. Dada, msingoje kama sisi.

BintiMkubwa:
Asanteni mno. Mionzi alipigwa mgongoni tu. Mama nimemsomea hapa, ameuliza mwenyewe siku ya CT, ni Jumatano. Dripu tuisimamishe?

TabibuKinywa:
Msiamue nyumbani. Asidi hiyo hukaa mfupani miaka, kuruka dripu moja hakuifuti, na mgongo wake bado unaihitaji. Daktari wa saratani na wa upasuaji wazungumze wao kwa wao. Wewe nenda na tarehe za dripu zote.

BintiMkubwa:
Kadi ninayo, ya kwanza hadi ya mwisho. Jumatano jioni nitaleta majibu.