Ufaransa na watoto watatu, bila gari: tukae wapi nami nipate barabara ya baiskeli?

Baba Watatu, Fuoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nahitaji mawazo ya mliokaa Ufaransa au mliopita kule na familia.

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, kaolewa na Mngazija na wanaishi Marseille. Miaka yote anatuita. Tumedunduliza kidogo kidogo, na mwisho wa Juni inshaallah tutakwenda wiki mbili: mie, mke wangu, binti wa miaka 13, kijana wa miaka 9 na mdogo wao wa miaka 4. Siku za mwanzo tutafikia kwa shemeji, kisha tukodi nyumba siku kumi mahali pamoja tu. Mambo ya kufunga na kufungua mabegi kila siku na watoto siyataki.

Mie ni mtu wa baiskeli. Kila Jumapili nikishasali Alfajiri natoka Fuoni, napita Tunguu na Jozani mpaka Makunduchi, nageuza. Baiskeli yangu ya mbio aliniachia mgeni mmoja wa hoteli ninayofanya kazi, mwaka wa sita huu naitunza. Lakini Unguja hatuna mlima. Tunachopambana nacho ni kusi, ukienda Makunduchi linakupiga kifuani njia nzima. Mwaka 2024 nilimtazama Biniam Girmay wa Eritrea akishinda hatua tatu za Tour de France na kumaliza na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mashindano yale. Wallahi nililia mbele ya wanangu. Tangu siku ile nataka nipande mlima mmoja wa kweli. Umri wangu ni 46, magoti bado yananisikiliza.

Moyo wangu uko Bourg d'Oisans, chini ya Alpe d'Huez: kona 21, karibu kilomita 14 za kupanda. Nilipomwonyesha mke wangu ramani kaniuliza, "Na sisi asubuhi yote hiyo tutakuwa tunafanya nini?" Sikuwa na la kumjibu. Gari hatutokuwa nayo. Nipeni mawazo.

Mtoto wa Malindi, Lyon

Waalaykum salaam kaka. Bourg d'Oisans naijua, na kwa hali yako sikushauri. Treni haifiki, unashuka Grenoble unapanda basi. Mji mdogo umebanwa na milima, barabara kubwa ya bondeni ina magari mengi. Anayekwenda kupanda mlima kila siku atafurahi sana. Mtoto wa miaka 4 na mama yake watachoka siku ya pili.

Itazame Annecy. Treni inafika mjini, na ziwa liko pale pale. Kulizunguka ni kama kilomita 40, na upande wa magharibi kuna njia ya baiskeli peke yake, imepita ilipokuwa reli zamani, karibu yote tambarare. Kijana wako wa miaka 9 ataendesha mwenyewe bila ya wewe kushika roho. Wewe unapanda Col de la Forclaz, mita 1,157, au Semnoz ambayo inavuka mita 1,600. Kasoro yake ni bei. Majira ya joto nyumba ni ghali, na kutoka kwa shemeji yako ni mbali.

Mama wa Panier, Marseille

Baba Watatu, msikilize mkeo, swali lake ndilo la kuanzia. Mie mzaliwa wa Mkunazini, watoto wangu nimewalea huku, na kila mwaka tunatoka mjini wiki moja. Huwa tunakwenda Carpentras, wilaya ya Vaucluse. Kutoka Marseille unapanda treni hadi Avignon, pale unachukua ya Carpentras, kama nusu saa tu. Bucha za halali zipo, Waislamu wenye asili ya Moroko ni wengi, na Ijumaa asubuhi soko linajaa mitaa mizima: matikiti, zaituni, vitambaa. Mkeo na binti watazunguka mpaka wakaribie wakati wa sala. Kwa watoto iko Via Venaissia, njia ya baiskeli iliyowekwa juu ya reli ya zamani, haina magari. Kijana wako lazima avae kofia ngumu, ni sheria kwa kila mtoto chini ya miaka 12.

Jambo ambalo wanaume husahau kuuliza. Mabwawa mengi ya manispaa hayamruhusu mwanamke kuingia na nguo ya kuogelea inayofunika mwili mzima. Mimi iliwahi kunitokea, nimesimama mlangoni na watoto wameshavua viatu, tukarudi nyumbani wanalia. Kwa hiyo tafuta nyumba yenye kibwawa chake, hata kidogo, uongeze pesa hapo upunguze pengine. Binti yako wa miaka 13 atakushukuru.

Na mjiandae kwa saa za sala. Mwisho wa Juni Magharibi inaingia kama saa tatu na nusu usiku, Isha karibu na saa tano. Yule mdogo atalala jua lingali juu, chumba chake kiwe na madirisha ya mbao ya kufunga.

Fundi wa Wete

Nilisoma Avignon mwaka mmoja, kwa hiyo hapo Carpentras nakuunga mkono kwa sababu nyengine: Mont Ventoux. Unauona ukiwa mjini, kilele cheupe kama kina theluji, kumbe mawe matupu. Mita 1,909. Bédoin, ambako njia maarufu inaanzia, ni kama kilomita 15 kutoka Carpentras, unafika kwa baiskeli bila ya gari.

Kutoka Bédoin hadi juu ni kilomita 21. Za mwanzo zitakudanganya, mizabibu huku na huku, unajiona kijana. Ukifika kona ya Saint-Estève unaingia msituni, na hapo mwinuko wa asilimia tisa, kumi, hauachi mpaka Chalet Reynard, mgahawa ulio njiani. Hakuna kipande cha tambarare cha kuvuta pumzi. Mie nilisimama mara tatu. Kisha miti inakwisha, zinabaki kilomita sita za mawe na upepo. Upepo wa huko, mistral, unatoka kaskazini na siku mbaya unamwangusha mtu. Tazama utabiri, ukiona mistral usiende, hata kama ni siku yako ya mwisho. Karibu na kilele kuna jiwe la kumbukumbu ya Tom Simpson, Mwingereza aliyefariki pale 1967 katikati ya mashindano, siku ya joto kali. Nilisimama nikamwaga maji kichwani, nikaendelea polepole.

Kwa mara ya kwanza panda kutoka Sault. Ni kilomita 26 lakini mwinuko ni wa upole, na mwisho wa Juni mashamba ya mrujuani (lavender) yanaanza kuwa ya zambarau. Njia hiyo inakutana na ya Bédoin pale Chalet Reynard, kilomita sita za mawe utazipata vile vile.

Baiskeli yako iache Fuoni. Kodi huko huko, omba yenye meno 34 mbele na 32 nyuma, gia zetu za tambarare zitakuvunja magoti. Chukua koti jembamba, juu ni baridi na unateremka umeloa jasho. Na kumbuka kule magari yanapita kulia. Ajali yangu pekee niliipata njia panda tulivu, sina haraka, nikatazama upande wa nyumbani.

Baba Watatu, Fuoni

Nimesoma yote kwa sauti, mke wangu kakaa pembeni. Kwenye habari ya bwawa kanyamaza, kisha kasema, "Huyo mama nitafutie nizungumze naye." Carpentras imepita. Tumeshaona nyumba yenye kibwawa, haifiki dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha treni. Tutaingia Jumamosi tuondoke Jumanne ya wiki ya pili, Ijumaa ya soko imo ndani. Mie nitatoka baada ya Alfajiri na kabla ya adhuhuri niwe nimerudi, siku tatu tu kati ya hizo kumi. Nyingine ni za Via Venaissia na kijana.

Fundi, Sault nimekubali. Lakini sijawahi kupanda kitu chochote, na nina miezi minne. Nimepata siku mbili za mapumziko mwezi ujao, nataka nivuke na boti nije Pemba na baiskeli. Nikiteremka Mkoani asubuhi, vilima vya njiani mpaka Chake na Wete vinatosha kuanzia? Na unaweza kutoka na mimi?