Wiki tatu kwa waya uliochomolewa! Mafundi kompyuta, pimeni kabla ya kutuuzia vifaa

Assalaam aleikum wadau. Tangu Ijumaa nimelikalia hili, leo nalimwaga lote. Nina hasira na sitazificha.

Nina steshenari ndogo hapa Chake Chake. Nachapa, natoa kopi, natengeneza kadi za harusi, na msimu wa mitihani zipo skuli mbili huniletea kazi zao. Kompyuta ni deskitopu ya mtumba, ile ya mnara, inatumia Windows 7. Kabla hamjanirukia: najua msaada wa Windows 7 ulikwisha tarehe 14 Januari 2020. Printa yangu kubwa haina draiva (programu ndogo za kuendesha kifaa) za Windows mpya na mashine haigusi intaneti. Hilo tuliache.

Mwezi uliopita diski ilianza kulia tik tik. Nikanunua SSD, ile diski mpya isiyozunguka, ya GB 240, nikampelekea fundi wa hapa mjini aifunge na kupiga Windows. DVD yangu ninayo, nikampa. Nikamwambia diski ya zamani aiache humo humo ili nihamishe mafaili. Kazi ya asubuhi moja.

Magharibi akanipigia simu. "Bwana, draivu ya DVD imekufa. Bayosi haiioni kabisa." Draivu ndiyo kisomeo cha DVD; bayosi ni programu ya mwanzo inayoamka kabla ya Windows. Nikaenda. Nikabonyeza kitufe, sinia ikatoka vizuri, taa ya kijani ikawaka. Nikamuuliza, mbona inafunguka? Akanijibu kwamba kufunguka inafunguka, ila ndani imekwisha. Basi mimi nitajuaje? Akaniuzia draivu ya nje, ile ya kuchomeka USB, shilingi 65,000.

Akaichomeka mbele, kwenye tundu la buluu. Akawasha, akabonyeza F12, akachagua DVD. Ikaja skrini ya kuchagua lugha. Akabonyeza pa kuanza kusakinisha, na hapo ndipo lilipotoka lile tangazo: draiva ya CD/DVD inayohitajika haipo, kama unayo kwenye diski au flashi iweke sasa. Akarudia mara tatu. Akajaribu DVD yake. Tangazo lile lile. Akavua miwani, akaniambia, "Hii mazabodi imeliwa na chumvi. Ipeleke Unguja."

Mazabodi ndiyo ile bodi kuu inayounganisha kila kitu ndani ya mashine. Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Sisi watu wa kisiwani tukiambiwa chumvi tunaamini, kwa sababu chumvi kweli inatula. Makufuli, feni, televisheni, kila mmoja wenu amewahi kutupa kitu kilichooza kwa upepo wa bahari. Fundi anajua kwamba neno hilo hatutalibisha. Hakufungua kutazama kama kuna kutu. Alilitamka tu, kesi ikafungwa.

Nikaifunga mashine kwa kanga mbili, kifuniko cha ubavuni nikakibana kwa plasta nyeupe kisigonge njiani, nikateremka Mkoani kupanda boti. Fundi wa Unguja, maeneo ya Mlandege, alikaa nayo siku kumi na moja. Siku kumi na moja, katikati ya msimu wa mitihani! Skuli moja ikahamisha kazi yake kwengine, na siwalaumu, mitihani haisubiri. Mwisho akanitoza 30,000 ya kupima, akasema mazabodi nyengine ni 220,000. Sikuwa nazo. Nikairudisha nyumbani kama ilivyo.

Nilipoiweka mezani nikaiona plasta yangu. Ile ile, na kona yake niliyoikunja kwa kidole. Huyu mtu kanitoza pesa ya kupima mazabodi na kifuniko hakukifungua!

Mtoto wa dada yangu, anasoma chuo, alikuja Ijumaa baada ya sala. Nikampa kisa chote. Akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, kama draivu ya nje haionekani, hiyo skrini ya kuchagua lugha imetoka wapi?"

Wallahi nilikaa kimya. Imetoka kwenye DVD. Ndani ya draivu ile ile waliyosema mashine haiioni. Watu wawili wanaojiita mafundi wameitazama skrini hiyo, mmoja wao mara tatu mbele ya macho yangu, na swali hilo halikuwapitia.

Akaichomoa draivu kwenye tundu la buluu, akaizungusha nyuma ya mashine, akaichomeka kwenye tundu jeusi. Akaanza upya. Lugha, kusakinisha, ikapita moja kwa moja. Ilichukua muda wa kuhamisha waya.

Sababu yake, kama alivyonieleza na kama nilivyohakikisha baadaye: mwanzoni kabisa anayesoma DVD ni bayosi, na bayosi inayajua matundu yote. Programu ya kusakinisha ikishaamka inashika usukani yenyewe na inatumia draiva zake. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na ndani yake hamna draiva za USB 3.0, ambayo kwa kawaida ndiyo lile tundu la buluu. Draiva hizo zilianza kuja na Windows 8 mwaka 2012. Kwa hiyo DVD inawasha mashine, halafu inapotea machoni pa programu iliyotoka ndani yake. Tangazo linataja draiva ya CD/DVD, fundi anakimbilia kulaumu draivu, na kinachokosekana ni draiva ya tundu.

Sasa ile draivu ya ndani, ile "iliyokufa". Tukatoa plasta, tukafungua. Nyuma ya draivu za DVD za aina ya SATA (namna ya kuunganisha diski na mazabodi) pana sehemu mbili za kuchomeka: pana ya umeme, yenye pini 15, na nyembamba ya data, yenye pini 7. Ya umeme ilikuwa imechomekwa. Ya data ilikuwa tupu, shimo limebaki na vumbi pembeni. Tukaufuata waya mwekundu uliokuwa wa DVD. Umekwenda kwenye SSD.

Mashine ilikuwa na nyaya mbili za data: mmoja wa diski, mmoja wa DVD. Fundi alipofunga SSD hakuwa na waya wa tatu, akauchomoa wa DVD. Halafu akaniita kuniambia bayosi haiioni. Itaionaje? Sinia inafunguka kwa sababu umeme upo, bayosi haioni kwa sababu data haipo. Jumamosi nikanunua waya kwa 4,000. Draivu ikajitokeza kwenye bayosi papo hapo, na inasoma kila diski niliyoiweka. Kwenye pini, kutu hakuna.

Nilimrudishia draivu ya nje nikitaka 65,000 yangu. Akasema kifaa kikishafunguliwa hakirudi. Sikutaja duka na sitalitaja, lakini ninachodai nakisema hadharani: pesa yangu ya draivu, na pesa ya kupima kutoka kwa yule wa Unguja ambaye hakupima. Na kuanzia sasa sinunui kifaa kwa fundi mpaka anioneshe bayosi kwa macho yangu, waya umechomekwa, na amebadilisha waya na tundu angalau mara moja. Kama nawe umeambiwa "mazabodi" namna hii, andika hapa, hasa ndugu zangu wa Wete na Mkoani.

NYONGEZA: Walionifuata pembeni wanaopiga Windows 7 kwa flashi na kupata tangazo hilo hilo: funga kidirisha, rudi ukurasa wa mwanzo, hamisha flashi kwenye tundu la USB 2.0 (kwa kawaida lile jeusi), kisha bonyeza kusakinisha tena. Kwa laptopu zenye prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha sita, mwaka 2015, nyingi haitasaidia, maana matundu yote yanaendeshwa kwa mfumo mpya wa USB 3.0 na hata kibodi ya USB inaweza kukataa. Hapo draiva lazima ziingizwe kwenye flashi kabla. Na kama tundu limeshabadilishwa na bado, choma DVD upya kwa kasi ndogo, diski iliyochomwa vibaya hutoa tangazo hilo hilo. Draivu ya nje ikizunguka na kukata ukiiweka kwenye tundu jeusi, huenda umeme hautoshi: USB 2.0 hutoa miliampia 500, USB 3.0 hutoa 900. Tafuta ule waya wenye vichwa viwili vya USB upande mmoja, unaochukua umeme kwenye matundu mawili.