Ndanda peke yangu kutoka Mtwara mjini: wanapiga wapi?

Shangani_Mgeni
Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Mtwara mjini kikazi, kwetu Kagera, na nikifungua mdomo tu watu wanajua si wa huku. Jumamosi nataka kwenda abasia ya Ndanda, nilale, nipande mlimani kidogo, nirudi Jumapili. Ni mwanamke, naenda peke yangu. Nauli halali ni ipi, kiingilio kipo, na wageni wanapigwa hela wapi hasa?

Kuchele
Karibu kusini, dada. Anza na basi lenyewe. Ya Masasi yako ya aina mbili: yanayopita Mnazi Mmoja (njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi) na yanayopita Tandahimba na Newala. Ndanda iko njia ya Mnazi Mmoja, kama kilomita 40 kabla ya kufika Masasi. Ukipanda la Newala utatokea Masasi kwa upande wa pili, kisha ulipe nauli nyingine kurudi nyuma. Mpiga debe ukimuuliza "linafika Ndanda?" ataitikia ndiyo, kazi yake ni kujaza siti. Muulize dereva, "unapita Mnazi Mmoja?"

Nauli usiulize, ipigie hesabu. Viwango vya LATRA (mamlaka inayopanga nauli za mabasi) vya Desemba 2023 kwa barabara ya lami ni shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida, 67.84 daraja la kati. Angalia kama vimebadilishwa, hesabu ni ileile. Mtwara hadi Ndanda ni kilomita 160 hivi, kwa hiyo basi la kawaida ni kama 7,800. Mchezo wao ni kukukatia ya Masasi, karibu 1,900 zaidi. Taja unaposhuka kabla tiketi haijakatwa, halafu soma kituo na kiasi. Ukitoa 10,000 na tiketi imeandikwa 8,000, ukaikunja ukaweka mfukoni, umekwisha. Hata ukilalamika LATRA, karatasi inamtetea konda.

Bonde_la_Lukuledi
Kiingilio hakuna. Ile ni nyumba ya watawa Wabenediktini, si hifadhi ya wanyama. Ipo tangu 1906, mwaka mmoja baada ya misheni za Nyangao na Lukuledi kuharibiwa wakati wa Maji Maji, na Kanuni yao, sura ya 53, inaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo. Mtu akikusimamisha nje akidai "mchango wa kuingia", muombe risiti uone atakavyopotea.

Chumba cha wageni ni kitu kingine, kina bei yake. Piga simu kabla, kwa sababu wikiendi ya nadhiri au mahafali vinajaa. Bei hiyo usiipunguze kwa maneno, si soko la samaki pale. Lipa mapokezi, chukua risiti. Kama ni kwa lipa namba, jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri: likiwa la mtu binafsi, simama uulize.

Fika kabla ya Masifu ya Jioni. Watawa wakishaingia kanisani unaweza kukuta mapokezi hakuna mtu, giza linaingia, na hapo ndipo bodaboda anakuzungusha gesti hadi gesti kwa bei anayotaka. Mchana huhitaji bodaboda kabisa. Hospitali na abasia viko karibu na barabara, tembea. Vaa nguo ya heshima, usipige picha hospitalini, na upande wa ndani wanakoishi watawa hatuingii.

Mlimani (ule ni ukingo wa nyanda za juu za Makonde) panda asubuhi. Mvua ikinyesha njia inateleza, na kushuka ndiko kunakoangusha watu. Waombe mapokezi wakuonyeshe kijana wa kukupeleka, na uwaachie saa utakayorudi. Patana naye kwa safari nzima, kwenda na kurudi, hela umpe mkishafika chini. Ukisema tu "tutaelewana", bei utaijua mkiwa juu.

Korosho_Nzima
Mmesahau Mnazi Mmoja. Pakiti za korosho zinazopitishwa dirishani, nzima zimepangwa zionekane, vipande viko chini. Igeuze, ibonyeze kitako. Basi likianza kusogea ndipo bei inapanda na chenji inapotea, kwa hiyo shika noti za 1,000 na 2,000 mkononi. Ukilipa kwa simu watataka uongeze ya kutolea. Iingize kwenye bei mwanzoni.

Vinyago pia. Mpingo halisi ni mzito na ukitumbukizwa majini unazama. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu utaujua kitakoni: kwaruza kidogo kwa ukucha au sugua na kitambaa chenye maji, weusi ukitoka, rudisha.

Shangani_Mgeni
Nawashukuru sana. Na Jumapili kurudi?

Kuchele
Hapo ndipo pagumu. Unasubiri mabasi yanayotoka Masasi, na mengine yanafika yamejaa. Konda atakwambia panda, siti utapata Mnazi Mmoja, kwa nauli kamili. Usipande hilo. Anza kusubiri asubuhi, maana kadiri jua linavyosogea ndivyo unavyokubali lolote. Likikushinda, chukua linaloishia Lindi, shuka Mnazi Mmoja, unganisha la Mtwara. Lipa vipande viwili, kila kimoja kwa kilomita zake.