Zile treni za Marekani zilizong'aa kama sufuria mpya (California Zephyr na wenzake), nini kiliziua?

Mtanga wa Denver:
Habari za humu wakuu. Juzi nimepanda treni ya Amtrak (kampuni ya taifa ya treni za abiria huku Marekani) inayoitwa California Zephyr toka Denver mpaka Glenwood Springs, nikakaa lile behewa la vioo, aisee nilisahau hata simu. Tukaingia handaki la Moffat, kama kilomita 10 giza tupu, wakatangaza mtu asihamehame mabehewa ili moshi wa dizeli usiingie ndani. Mzee mmoja kiti cha pembeni akaniambia hii siyo yenyewe kijana wangu, yenyewe ilikufa 1970, akanionyesha postikadi ya treni ya rangi ya fedha yenye mapaa ya kioo yaliyotokeza juu. Tangu hapo sina raha. Kama ilikuwa nzuri vile ilikufaje?

Kichwa cha Treni:
Mzee kasema kweli. Ile ilianza Machi 1949, Chicago mpaka Oakland, inaendeshwa na kampuni tatu zinapokezana: Burlington mpaka Denver, Rio Grande mpaka Salt Lake City, Western Pacific inamalizia. Mabehewa yalijengwa na kampuni ya Budd kwa chuma kisichoshika kutu, na kila behewa jina lake linaanza na Silver. Yale mapaa ya kioo yalikuwa matano kwa treni moja na viti vya juu havikuuzwa, yeyote mwenye tiketi anapanda ngazi anakaa. Halafu ratiba yenyewe ilipangwa kwa ajili ya macho, Chicago unaondoka mchana, unalala ukivuka tambarare, asubuhi uko Denver, milima ya Rockies unaiona mchana kweupe, jangwa la Nevada unalipita usiku, ukiamka uko korongo la Feather River. Na kulikuwa na dada mmoja kila safari, wanaitwa Zephyrette, ndiye anayetangaza mnapita wapi na kuwasaidia akina mama wenye watoto.

Kilichoiua ni hesabu. Barabara kuu za serikali toka 1956, ndege za jeti mwishoni mwa miaka ya 50, halafu 1967 posta ikaondoa barua kwenye treni nyingi na pesa ya barua ndiyo ilikuwa inafidia hasara. Western Pacific waliomba kuifuta 1966 wakakataliwa, wakaja kuruhusiwa 1970. Inauma kwa sababu msimu wa joto ilikuwa inajaa watu! Amtrak ikaanza Mei 1971, jina likarudi 1983 lakini upande wa California inapita njia ya mlimani ya Donner, siyo Feather River tena.

Mama Zuu Chicago:
Mtanga ukija huku nenda makumbusho ya sayansi na viwanda, treni ya Pioneer Zephyr ipo ndani. Ndiyo mama yao hiyo. Tarehe 26 Mei 1934 ilitoka Denver alfajiri ikafika Chicago jioni, kilomita zaidi ya 1,600 kwa saa 13 na dakika 5, wakati treni za kawaida zilikuwa zinachukua kama saa 25. Na ndani walipakia punda, punda kabisa, wakamwita Zeph. Nilimpeleka mwanangu, ubavu wake una mikunjo mikunjo kama bati la nyumba ila laini na baridi, unajiona usoni kwa mawimbi. Mwenzake, treni M-10000 ya kampuni ya Union Pacific, ya mwaka huo huo, ilikatwakatwa 1942 kwa ajili ya vita.

Bin Reli:
Mkiwasifia dada wa Zephyrette msiwasahau na wale kaka zetu weusi waliokuwa wanatandika vitanda na kung'arisha viatu usiku kucha kwenye mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Abiria walikuwa wanawaita wote George, jina la mwenye kampuni, George Pullman, kana kwamba hawana majina ya kwao. Wakaunda chama chao 1925 chini ya A. Philip Randolph, wakapigana miaka 12 mpaka 1937 kampuni ikasaini mkataba, na Randolph huyo huyo ndiye aliyeongoza kuandaa maandamano ya Washington 1963 ya kudai haki za weusi. Mimi nikiona picha za zile treni namtafuta kwanza yule aliyesimama mlangoni na koti jeupe.

Mtanga wa Denver:
Ahsanteni sana jamani, Bin Reli umenigusa, sikuwa naijua hiyo. Nimeshaamua, likizo naenda mpaka mwisho kabisa California. Nikae upande gani?

Kichwa cha Treni:
Kulia ukitoka Denver. Korongo la Glenwood mto uko upande huo, barabara ya magari iko ng'ambo.